Dada Asiye na Upande

Nyumbani kwetu Kamuli neno kuzimua halikupata kupumzika. Maji ya kumwogesha mtoto yakiwa ya moto, mama alisema yazimue. Juisi ya ndizi ikiwa nzito mno, tuliizimua. Wajomba walioamka na vichwa vizito baada ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, walizimua kwa kikombe kingine cha rubisi, na mama aliwacheka waziwazi. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa fundi wa kuzimua ugomvi. Alikaa katikati yetu, akasema hili na lile, mpaka tukasahau tulichokuwa tunagombania. Nilimpenda kwa hilo, mjinga mimi.

Baba alinigawia kipande cha kibanja, ile migomba iliyo chini ya njia, na dada alikuwepo. Tuliotesha milamula, mimea yetu ya mpaka, yeye akishika kamba. Baba alipofariki, kaka yetu, ambaye kipande chake kinapakana na changu, aliing'oa akaiotesha upya, migomba yangu yote ikawa upande wake. Nikapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji na wazee wake. Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na dada.

Alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Mwenyekiti alimwuliza mpaka ulikuwa wapi.

"Mwenyekiti, hawa wote ni wadogo zangu," alisema. "Tulizimue tu hili jambo. Mimi sina upande."

"Lakini kamba ulishika wewe, dada," nikasema.

"Siku nyingi zimepita. Sikumbuki vizuri."

Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Hata yeye alijua kwamba dada anakumbuka. Kwa kuwa sikuwa na shahidi mwingine, wazee wakasema mpaka ubaki ulivyo.

Miezi miwili baadaye dada alifika kwangu kwa bodaboda, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Nilimpa shikamoo, akaitika. Akasema tusiwekeane kinyongo, damu ni nzito kuliko maji. Nilimwuliza ndizi nzuri hivi amezitoa wapi, maana shamba lake liliisha kwa mnyauko.

"Kaka yako amenipa niwe navuna kule chini ya njia," alisema, bila haya yoyote.

Ni mkubwa wangu, na kwetu mkubwa hapokelewi kitu kwa mkono mmoja. Niliupokea mkungu wangu mwenyewe kwa mikono miwili, nikasema asante.