Nilikuwa Naonja Tu

Wewe unayetarajia mtoto, mwanangu, sikiliza: naikumbuka siku moja vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati hapa Makuyuni, Mhina wangu wa kumzaa mapajani, ana miaka miwili na nusu na bado hajasimama. Nesi wa makamo alimpima kichwa kwa utepe, akaandika kwenye kadi, akampima tena kana kwamba hakuamini. Kisha akaniuliza, "Mama Mhina, ulipokuwa na mimba ya huyu ulikuwa unakunywa pombe?"

Nikakasirika. "Nesi, mimi ni Mwislamu, nimesoma madrasa Misima. Pombe nitaijulia wapi?"

"Sijakuuliza dini, mama. Nimekuuliza ulichomeza."

Niliolewa hapa kutoka Misima. Mama mkwe wangu alikuwa akipika boha, pombe ya miwa, na wanywaji walishuka mpaka kutoka Dindira milimani kuja kwake. Nilipopata mimba akanipa kazi ya kuonja. Aliamini ulimi wa mjamzito haukosei, ndio unaojua kama pombe imeiva au bado. "Shika kata, mwali, onja uniambie." Asubuhi naonja pipa la kwanza, adhuhuri la pili, jioni wateja wakilalamika naitwa nionje tena. Kata ile haikuwa kijiko. Na sikufichi, ilifika wakati nikawa naikimbilia kabla sijaitwa. Nikimaliza nasukutua, nachukua udhu, naswali, kwa sababu nyumba nzima tulikuwa tumekubaliana kwamba kuonja si kunywa. Mtoto tumboni hakuna aliyemuuliza.

Basi pale kwenye benchi machozi yakanitoka, nikasema, "Nilikuwa naonja tu."

Nesi hakunikaripia. Alivuta kiti akakaa karibu. "Unachomeza wewe kinapita kwenye damu yako kinamfikia yeye," akasema, "na mwili wake mchanga hauna nguvu ya kukiondoa. Wewe ulikuwa unaonja. Yeye alikuwa analewa." Akanieleza kwamba ubongo ulioumizwa humo ndani hauna dawa ya kuurudisha, ila mtoto akifundishwa polepole, bila viboko, atafika mahali.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma mpaka leo. Niliporudi nyumbani nilikuta mama mkwe amekusanya ukoo. Yeye, aliyenishikisha kata kwa mkono wake, akasimama akasema ubaya umetoka kwetu Misima, mizimu ya upande wangu haikutunzwa. Wakamwita baba yangu. Mzee wa watu akaja na mbuzi mweusi, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, mbuzi akachinjwa, tukala. Na mimi nilikuwa nalijua kosa. Nilitafuna nyama ile nimeinamisha kichwa, sikusema neno, na baba yangu alikufa akiamini kwamba damu yake ndiyo iliyomharibu mjukuu wake.

Mhina alitembea akiwa na miaka minne. Shuleni alichapwa kila siku kwa kusahau leo alichokijua jana, mpaka nikamtoa. Ndugu wakamwita bwege. Sijawahi kupata hasira kama ile, na nusu yake ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe.

Nilidhani ujinga huo tumeuzika. Kumbe wapi. Juzi nimekwenda gulioni nikamkuta binti mmoja, tumbo limeshafika miezi saba, amekaa katikati ya wanaume anapewa gongo kwenye kikombe cha plastiki. Wanamcheka na kumsifu. Mmoja akasema anywe tu, mtoto atatoka na ngozi safi. Mwenzake binti huyo, naye mjamzito, alikuwa anatafuna mirungi, eti inamzuia njaa akiwa shambani. Nilisimama mbele yao. Nikakichukua kile kikombe nikakimwaga.

"Shikamoo bibi," binti akasema kwa adabu kabisa. "Mbona umekasirika? Naonja tu."

Mwanangu, nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Na wasikie wote: nyinyi wanaume mnaomkaribisha mjamzito kikombe, mnamnywesha mtoto. Msijifanye hamjui. Na nyinyi kina mama wakwe mnaowapa wakwe zenu ugoro wa kukata kichefuchefu, gongo ya kutia nguvu, halafu mtoto akizaliwa na kasoro mnatafuta mchawi, oneni haya. Mimba haina onjo dogo lisilodhuru. Iwe pombe, iwe bangi, iwe mirungi, iwe unga wanaouvuta huko mijini, kinachokulevya wewe kinamfikia yeye. Na kama umeshazoea, mwili unakidai, usijifiche na usijaribu peke yako. Nenda zahanati mapema, sema kweli. Nesi hatakufukuza. Mimi nilidanganya kulinda jina langu, na jina hilo halijanisaidia kitu.

Mhina sasa ni mtu mzima, ana ndevu. Ana roho nzuri kuliko yeyote hapa kijijini. Ananitekea maji, anabembeleza watoto wa majirani mpaka wanalala. Lakini ukimtuma dukani vitu viwili ataleta kimoja, na ukimwacha siku mbili hakumbuki kula. Sikujaliwa mtoto mwingine. Nilipomsimulia habari za yule binti wa gulioni aliniuliza, "Mama, ukifa nitakaa na nani?"

Nikampakulia chakula, nikakaa naye mpaka akamaliza.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikupa kata, irudishe, hata kama anayekupa ni mama mkwe, hata kama atanuna mwaka mzima. Mungu akuzalishe salama. Akupe mtoto ambaye siku yako ikifika utamwacha bila hofu, na yeye ndiye akuzike.