Koo la Babu Delphus

Kila asubuhi, kabla hajanywa kahawa, babu yangu Delphus Combs alikaa kwenye ngazi ya nyuma akajaribu koo lake. Alitoa sauti moja tu, ndefu, akiuelekea mlima. Ikitoka safi, aliingia ndani anacheka. Ikikwaruza, mkate wa mahindi ulipoa mezani haujaguswa.

Mwaka ule ilikwaruza kila siku. Daktari wa mjini alimwambia aache kuimba, la sivyo atakosa hata sauti ya kuomba chumvi.

"Nikiacha, nyimbo zangu anabaki nazo nani?" alimuuliza bibi.

Hakuna hata mmoja uliowahi kurekodiwa. Zilikuwa nyimbo za kantri za machimbo ya makaa, alizitunga mwenyewe, na kila Jumamosi jioni aliziimba kwenye ukumbi wa bia wa Coy Ratliff, tangu mama yangu hajazaliwa.

"Mimi nataka mume anayeongea," alisema Bibi Orpha. "Nyimbo utajua mwenyewe."

Bibi ni wa kanisa letu la zamani, lisilotaka ala yoyote ya muziki. Pale mzee mmoja hutamka mstari wa wimbo harakaharaka, kisha watu wote huuvuta polepole, kwa sauti zao tupu. Babu alilihama ujanani kwa ajili ya gitaa. Ila bonde zima limekulia kwenye mabenchi yale, hata walevi wa Coy.

Jumamosi moja ya Oktoba babu alikwenda tena kwa Coy. Bibi alitupeleka kwa pikapu, akabaki nje, maana kwa Coy hakanyagi. Mimi nilikaa karibu na mlango.

Babu akapiga gitaa, akafungua mdomo. Ikatoka hewa.

"Delphus, umemeza chura?" alipiga kelele Hobart, mchimbaji mstaafu. Watu wakacheka. Babu akajaribu tena, hewa ileile. Kicheko kikakatika.

Babu akaliweka gitaa chini. Akautamka mstari kwa mnong'ono mkavu, harakaharaka, kama mzee wa kanisa:

"Mama weka taa dirishani, mlima umeniachia leo."

Hobart ndiye aliyeanza, na chupa yake mkononi. Akauvuta ule mstari polepole, na kabla hajaumaliza ukumbi mzima ulikuwa umeshaudaka. Coy mwenyewe aliimba nyuma ya kaunta, macho kayafumba. Babu akatamka wa pili, wakauchukua. Wa tatu hakuwahi kuutamka. Walikuwa wameshamtangulia.

Akasimama pale mdomo wazi, halafu mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Kumbe mnazijua, mashetani nyie," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Umetuimbia miaka yote hiyo, ulidhani tuna nta masikioni?" Hobart akamjibu.

Babu akalitundika gitaa kwenye msumari, pembeni ya rafu ya bia.

"Unaliacha?" Coy akauliza.

"Anayelitaka alishushe."

Akanishika bega, tukatoka. Ndani walikuwa wameshaanza wimbo mwingine, wake pia, na mlango ulipojifunga bado tuliusikia. Bibi aliteremsha kioo, akasikiliza kidogo.

"Huo wanauchelewesha mno mwishoni," akasema, akawasha gari.

Babu alicheka bila sauti njia nzima. Kwa Coy hakurudi tena.