Mbio: Sitini na Nne

Mashine haikuwa na kitambi. Hilo ndilo tatizo la kwanza nililokutana nalo nilipoanza kuwaingiza wachezaji wa timu yetu ya zamani kwenye gemu ya mpira, maana golikipa wetu alikuwa na kitambi, na kila aliyekwenda uwanjani miaka ya tisini alikijua. Mashine ilikupa urefu, uzito, rangi ya ngozi, masharubu ya aina sita, soksi juu au soksi chini. Ukimpa mtu kilo nyingi, ilimpanua mabega. Golikipa wetu akatoka kama mnyanyua vyuma. Alipokuja dukani kujiona alijitazama kwa muda, akaniambia nimempatia sawasawa.

Duka langu lilikuwa Wadi Kabir, hapa Maskati, limebanwa na gereji kulia na gereji kushoto. Televisheni nane, mashine nane, watu wakilipa kwa saa. Mchana waliingia mafundi wenye mikono ya grisi, jioni vijana, na Ijumaa baada ya sala watu wazima waliodai wamekuja kuwatafuta watoto wao, wakakaa mpaka magharibi. Gemu ilikuja na timu za Ulaya mpaka za daraja la pili. Ya kwetu hata muokota mipira hakuwemo. Lakini ilikuwa na sehemu ya kumtengeneza mchezaji wako mwenyewe, na mimi nikaitengeneza timu ya mtaa wetu kama ilivyokuwa, watu kumi na mmoja na watano wa akiba, nikaihifadhi kwenye ile kadi ndogo inayochomekwa kwenye mashine. Kila aliyekuja na kadi yake nilimnakilia.

Nilijivunia usahihi wangu. Mimi ni mtu wa kuhesabu. Trei ya mayai naihesabu mara mbili, na trei ni mayai thelathini tangu nizaliwe. Uwanjani wenzangu walipiga makofi, mimi nilikuwa na daftari: pasi zilizofika, pasi zilizopotea, nani kapigwa chenga na nani. Kwa hiyo mashine iliponiuliza, kwa kila mtu, mbio zake ngapi, mashuti yake ngapi, pumzi yake ngapi, kuanzia moja mpaka tisini na tisa, niliona kama aliyeitengeneza alikuwa ananifahamu.

Ila nilikuwa na tabia nyingine niliyoitoa sokoni. Bei ya kwanza kwangu si bei. Sijapata kutaja bei ya kwanza nikaikusudia. Wachezaji wote nikawaanzia chini, nikijua habari zitawafikia na watakuja, na wakija tutaelewana.

Walikuja. Beki wa kati, ambaye sasa alikuwa na kiti chake wizarani, alisimama mbele ya televisheni na kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi, akataka uhodari wake wa kukaba utoke sabini uende tisini na tano. Tukavutana. Nikamwambia tisini na tano hana hata yule beki Mtaliana wa kwenye gemu. Akasema yule Mtaliana hajawahi kucheza kwenye joto la Juni hapa Maskati. Hoja ilikuwa na uzito, tukamalizana themanini na mbili. Juu yake akataka nywele. Nilimwambia mimi naandika historia, si kinyozi. Akaniambia wakati ule alikuwa nazo. Nikampa za mbele. Kiungo wetu alinunua pumzi zaidi kwa kuniletea picha tatu za zamani, zote amesimama.

Wote walikuja ila mmoja.

Huyo alikuwa winga. Aliichezea timu yetu msimu mmoja tu, kabla goti halijamwishia, na msimu ule mimi nilikuwa Nizwa nikifanya kazi kwa mjomba wangu. Mechi yake niliyoiona kwa macho yangu ni moja, fainali. Waliomwona walisema hapajatokea mwenye mbio kama yeye. Nikampa sitini na moja, nikakaa kumngoja. Mwenyewe nilishapanga nitampandisha mpaka themanini na tano, na akinibana sana, tisini.

Kadi zikaenda bila yeye. Waliokuja kwangu walinakili kwangu, na walionakili kwangu walinakiliwa na wengine, zikafika Sib, zikafika Suhar. Vijana ambao hawajawahi kuiona timu ile wakawa wanaijua kuliko wazee. Nilimsikia mmoja dukani akimkatalia baba yake kabisa. Baba anasema yule winga alikuwa upepo, mtoto anamwonesha namba kwenye kioo. Baba akanyamaza. Mimi, nikiwa nimekaa nyuma ya meza yangu, nikaona fahari. Leo naona kitu kingine. Mtu anayesimulia unaweza kumuuliza wewe ulikaa wapi siku hiyo, uliona nini. Namba haiulizwi. Imekaa pale peke yake, haisemi kaiandika nani.

Winga alikuja baada ya mwaka hivi, adhuhuri moja, alipokwisha kuwashusha wanafunzi. Alikuwa dereva wa basi la skuli, na watu walikuwa wakimtania kwamba mtu wa mbio zile sasa anaendesha arubaini barabara nzima. Alilisimamisha basi mbele ya gereji, wenye gereji wakaanza kulalama, yeye akaingia, akasalimu vizuri, akakataa kiti. Akaweka kadi juu ya meza.

Alisema ni ya wanawe. Wapo wawili, kule nyumbani Hail, na wanacheza na timu yetu kila siku.

"Wananiweka benchi," akasema. "Wananiambia, baba, wewe unatupunguza kasi."

Alisema huku anatabasamu, na mimi nikacheka kama mtu anavyocheka mteja akianza kujieleza. Nikajua sasa tunaingia sokoni. Nikachomeka kadi, nikamfungua. Pale pale akanionesha kwa kidole: mguu. Nilimwandikia mguu wa kulia. Yeye ni wa kushoto, kila mtu anajua ni wa kushoto. Nikamwomba radhi, nikabadilisha. Kisha nikangoja. Sitini na moja ilikuwa mbele yetu, kubwa, ya manjano.

"Na mbio je?" nikamwambia. "Sema wewe."

Akaitazama ile namba.

"Fainali ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Wanasema ulikuwa na daftari."

"Nnalo mpaka leo."

Si uongo. Nilikuwepo na daftari ninalo. Lakini siku ile nilikwenda uwanjani kwa pikapu ya jirani, lifti ya bure, na jirani alikuwa na sharti lake: anaondoka mapumziko, kabla ya msongamano. Nikahesabu kwamba lifti ya bure ni lifti ya bure. Kipindi cha kwanza yule winga alichezeshwa kulia, kwa sababu winga wa upande ule alikuwa na homa, na akapoteza mpira mara kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili. Mapumziko nikapanda pikapu.

Nilikuwa Wadi Kabir nakunywa chai ya maziwa waliporudi wenzangu, sauti zimewakauka. Walisema kipindi cha pili walimhamishia kushoto, na kwamba mambo aliyoyafanya huko hayasimuliki, kisha wakayasimulia kwa saa mbili. Mmoja alisema aliokota mpira karibu na lango letu akawapita wanne. Mwingine akasema sita. Na mimi hesabu isiyolingana siingizi daftarini. Ukurasa ule mpaka leo ni mweupe.

Ndiyo sababu mguu ulikuwa wa kulia. Nilimwandika kama nilivyomwona. Na hilo lilinijia pale pale dukani, nikiwa nimeshika kile kidude cha kuchezea, na yeye amesimama ubavuni mwangu ananukia basi na watoto. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Ningemwambia, bwana wee, mimi sikukaa mpaka mwisho.

"Basi wacha," akasema. "Andika ulichokiona. Mimi sikuja kupatana."

Sikuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Biashara nzima niliyoijua ilisimama juu ya mtu wa pili kusema hapana, ongeza. Yeye hakusema ongeza. Nikababaika. Nikampandishia tatu, hivi hivi, bila kuombwa, kama muuza samaki anavyokutupia dagaa watatu juu ya fungu. Sitini na nne. Nikahifadhi, nikachomoa kadi, nikampa. Akanishukuru. Akaenda kulitoa basi, wenye gereji wakapumua.

Nilijiambia atarudi. Kila mtu hurudi. Nikamwekea tisini yake akilini kwa muda mrefu, kama mzigo uliolipiwa ambao mwenyewe hajauchukua.

Hakurudi. Duka likafa mashine zilipofika majumbani, nikaingia kwenye vipuri vya magari, na miaka ikapita nikimwona mara moja moja barabarani na basi lake, tunapungiana mkono. Kisha jirani yule yule wa pikapu akanipigia simu kuniambia yule winga amefariki, azaa, yaani matanga, iko Hail, na leo ni siku ya pili.

Nilikwenda baada ya alasiri. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye sabla, ukumbi wa msikiti, kuta nne, mito chini, tende na kahawa zinazunguka. Nikawapa mkono waliofiwa, nikakaa. Mkubwa wa wale wanawe wawili alikuwa mtu mzima sasa, ana ndevu. Baada ya kitambo akaja akakaa karibu yangu.

"Wewe si ami wa gemu?"

Nikamwambia ndimi. Akatabasamu, tabasamu la baba yake. Akanisimulia kwamba pale nyumbani wageni wakija zamani walikuwa hawaishi kuitaja ile fainali, jinsi alivyowapita sita, na baba alikuwa akikaa anasikiliza, hakatai wala hakubali. Lakini tangu siku aliyotoka dukani kwangu akawa anawakata.

"Alikuwa akisema, watu wanakuza. Yuko mtu Wadi Kabir alikuwa na daftari, huyo kahesabu. Mimi nilikuwa sitini na nne."

"Alisema hivyo?"

"Kila mara. Mwisho wageni wakaacha kuitaja. Na yeye mwenyewe, ami, nnadhani alikuja akaamini. Mara moja mama alimwambia, mimi nilikuwepo, nilikuona. Akamwambia, wewe ni mke wangu, hesabu yako haina nguvu."

Alicheka kidogo kwa hilo. Mimi nilikuwa natazama mkeka. Kukaa kimya kulikuwa rahisi kuliko siku ile dukani, maana mwenyewe sasa hakuwepo wa kuniuliza. Nilihesabu mistari ya mkeka, nikairudia.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi niliondoka mapumziko."

Hakunielewa. Ikabidi nimweleze yote, pikapu, lifti ya bure, kulia na kushoto, ukurasa mweupe. Nilimweleza polepole, kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na watu wanasoma Kurani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Sikuweza kuujua uso wake, na nyuso za watu ndiyo kazi yangu.

"Basi ilikuwa ngapi?" akaniuliza.

Nilikuwa na tisini tayari. Ilikuwa pale ulimini, imengoja miaka. Kwa mara nyingine ningeweza kumtupia, na yeye angeichukua, angeipeleka kwa ndugu yake na kwa mama yake, na ingekuwa namba nyingine ya mtu ambaye hakuona.

"Sijui," nikamwambia. "Sikumwona. Muulizeni mama yenu."

Akalichukua dele la kahawa kwa aliyekuwa akizungusha, akanijazia mwenyewe. Kwetu huku kikombe kidogo kile usipokitikisa kinajazwa tena, na mimi mkono haukunijia kukitikisa. Alijaza, nikanywa, akajaza. Sijui nilikunywa vingapi.