Fundi wa Waberi anayepamba video asizoruhusiwa kuziona

Saa tano asubuhi, jua la Waberi mjini Garissa limeshaingia hadi ndani ya mlango. Mustaf Adow, 29, ameinamia kompyuta yake. Kwenye kioo wako mbuzi watatu wa soko la mifugo, wanatafuna. Anabonyeza kitufe. Ua jeusi la hina, lenye ukingo wa dhahabu, linachanua taratibu juu ya uso wa mbuzi mmoja. Wenzake wanaendelea kutafuna.

"Unaona? Huyu amefunikwa, wale wengine wapo," anasema. "Likikubali kwa mbuzi, litakubali harusini."

Mustaf hutengeneza michoro inayotembea ya kupamba video za harusi: majina, maua, mapambo. Kazi moja ni shilingi 2,500, na kwa mwezi hupata sita au saba. Lakini video zenyewe hazioni. Sherehe ya wanawake hupigwa video na mwanamke na kutazamwa na wanawake. Basi yeye hutengeneza ua peke yake, nyuma yake pakiwa wazi, na mpiga video hulibandika juu ya picha zake.

Majuzi uwazi huo ulimtoa jasho.

Rukiyo Bulle, mpiga video wa akina mama, alikuwa amepiga harusi ya binti wa mtaa huo. Wageni kumi na mmoja walikubali kamera kwa sharti moja: nyuso zao zifunikwe kabla mtu yeyote hajaonyeshwa. Video ilitakiwa Alhamisi baada ya alasiri, kwenye shaash saar, siku ya saba ambapo wanawake humfunga bibi harusi kitambaa cha mwanamke aliyeolewa.

Jumatano asubuhi Mustaf akatuma ua. Haukupita muda, simu ikalia.

"Walaal, ndugu yangu, umenitumia nini?" Rukiyo aliuliza. "Nimeweka ua juu ya mgeni mmoja, ukumbi wote umeingia giza!"

"Ua halionekani?"

"Liko, na nyuma yake sanduku jeusi. Hili ni ua ama ni buibui ya kuvalisha harusi nzima?"

Fundi mwingine angesema, niletee video nibandike mwenyewe. Mustaf neno hilo alilimeza. Akamwomba Rukiyo aondoe rangi nyeusi kwa programu yake, kama walivyozoea. Rukiyo akaiondoa, na ua nalo likaondoka, maana bibi harusi alichagua hina nyeusi. Ukabaki ukingo wa dhahabu, na katikati mgeni anacheka.

"Ameonekana hadi meno," Rukiyo alisema. "Mustaf, mimi nimetoa ahadi. Uso mmoja ukitoka, Garissa hii hakuna mama ataniruhusu tena kuinua kamera."

Na bila ua, hakuna video.

Mustaf alizaliwa Hulugho, kwa wafugaji. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake, alikuja mjini kuchora mabango ya maduka. Michoro hii alijifunza kwa simu. "Sikuwa na mwalimu," anasema. "Ukikosea, unakaa na kosa lako miaka, hujui."

Kosa lake lilikuwa hili. Kwenye programu, nyuma ya ua palikuwa na vimraba vya kijivu na vyeupe, alama ya kwamba pako wazi. Akaridhika. Akatoa faili la aina anayotumia siku zote, jepesi kutuma. Aina hiyo haibebi uwazi; penye uwazi hujaza weusi. Alipolifungua aliuona weusi huo, asishtuke.

"Hata faili zuri ukilifungua peke yake laweza kuonyesha weusi," anaeleza. "Na zamani majina yalikuwa ya dhahabu. Rukiyo akitoa weusi, yanabaki. Nikadhani najua."

Siku hiyo alipekua mipangilio ya kutolea video, moja baada ya nyingine. Akachagua aina ya faili inayobeba uwazi. Kisha, mahali palipoandikwa rangi peke yake, akaweka rangi pamoja na alfa, yaani ile sehemu inayokumbuka pa kuachwa wazi. Faili likavimba kuliko mtandao wa Waberi unavyoweza kubeba. Akalijaribu kwanza juu ya mbuzi, akalitia kwenye flashi, akatembea nalo hadi kwa Rukiyo. Akasimama nje ya mlango.

"Abaayo, dada, vipi?"

"Ngoja!"

Huko ndani Rukiyo akalibandika ua juu ya mgeni yule yule.

"Haye! Amefunikwa!" sauti ikatoka ndani. "Na jirani yake anapiga makofi, namwona mzima!"

Mustaf akakaa chini hapo hapo kwenye mchanga. "Nilisema alhamdulillah mpaka majirani wakauliza nani amejifungua."

Alhamisi video ilionyeshwa. Sahra, mmoja wa wale kumi na mmoja, alijitafuta mwanzo hadi mwisho. "Nilijijua kwa bangili tu," anasema akicheka. "Huyo kijana Mungu amuweke."

Mustaf hajaiona, wala haombi. Kuanzia mwezi ujao anataka kuwafundisha Rukiyo na wanawake wengine wawili kazi yote, kuanzia ua mpaka faili. Akiulizwa kama haogopi kupoteza wateja, anatikisa kichwa.

"Mabango yapo, matangazo yapo," anasema. "Hii ni ahadi yao. Waishike wenyewe, huko huko ndani, bila kumngoja mwanamume mlangoni."