Gari kubwa kwa usalama wa watoto

Leo nimelipiga gari la watu makofi mpaka mkono umevimba.

Ni hapa mtaani kwetu Soweto, getini shuleni. Atupele wangu wa darasa la kwanza kainama kufunga kamba za kiatu, mbele ya gari kubwa la familia.

Gari likaanza kuondoka!

Nikaligonga boneti huku napiga kelele. Likasimama. Akashuka mama mwenzangu.

“Dada, nisamehe. Sikumwona kabisa. Hili nililinunua ili wanangu wawe salama.”

Tukalia wote, jamani.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu. Akasema:

“Mama Atu, kigari chetu tukiuze. Na sisi tununue kubwa.”

Naona tutanunua tu.

Ninyi mngemwambiaje?