Gari Jeusi na Matuta ya Noonkopir

Leo mwanangu mwenyewe ameniteremsha garini mara tatu.

Jumamosi tunakwenda Entarara kuzungumzia mahari yake. Anataka tuingie ukweni kwa gari la spoti, kwa hiyo tulijaribu mawili hapa Noonkopir.

Jekundu lilikwama kwenye tuta la kwanza.

Jeusi nalo likakwaruza tumbo.

"Baba, shuka kidogo tu."

Nikashuka na tai yangu. Likapita.

Tuta la pili, vivyo hivyo. Mama wa mboga akauliza, "Mwalimu, umefukuzwa?"

La tatu, sikungoja kuambiwa.

"Umeona, Baba? Hili linapita!"

"Linapita kwa sababu mimi natembea."

Amelinunua.

Anayejua idadi ya matuta hadi Entarara aniandikie. Nataka kuchagua viatu.