Kikohozi cha Mama Mapendo

Iko siku moja ya baridi ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile yamekwisha kunitoka. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Mama Mapendo, hapa Buffalo, mitaa ya magharibi, kikombe cha chai mkononi, nikizungumza habari za theluji. Ilikuwa mara ya tatu kumtembelea katika majuma machache. Nilikuwa na haja moja tu katika nyumba ile, na sikuwa nimeitaja hata mara moja.

Nakueleza haya kwa sababu umenipigia simu kutoka chuoni kwako Columbus. Unasema umeamua kugombea kiti katika kamati ya chama ya jimbo lenu, umeweka mtandaoni picha nzuri yenye miwani, na sasa unangoja watu wakuunge mkono. Nilipokuuliza umemwomba nani kura, ulicheka ukasema, "Shangazi, naona aibu." Nikacheka pia, maana aibu hiyo naijua, tumelala nayo kitanda kimoja.

Wakati ule nilikuwa kijana, au tuseme magoti yalikuwa hayajaanza kulalamika. Nilifanya kazi ghalani, kupakia na kupanga maboksi, na watoto walikuwa wadogo. Aliyeshikilia kiti cha eneo letu katika kamati alikuwa amekikalia miaka na miaka, na mtaani kwetu hakuna aliyemjua kwa sura. Kamati yenyewe usiidharau. Ndiyo inayoketi na kuamua chama kimuunge mkono nani kwa vyeo vikubwa vya jimbo. Wenye kutafuta vyeo hivyo walikuwa wakija kanisani kwetu Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, wanapunga mikono, wanapiga picha na watoto wetu, halafu hatuwaoni tena. Nikasema hapana. Nataka kukaa katika chumba wanachochaguliwa, niwaulize walikuwa wapi siku zote.

Ili jina langu lifike kwenye karatasi ya kura ilinipasa kwanza kukusanya sahihi za wanachama wanaoishi eneo letu, kabla muda haujafungwa, na muda wenyewe huangukia kwenye baridi. Sahihi zisipotosha, safari inaishia hapo.

Baba yako alinishauri kwa simu kutoka Louisville. "Dada, tembelea watu, lakini usijipigie debe. Watasema una tamaa ya ukubwa." Nikamsikiliza, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kiongozi alisukumwa mbele na wenzake huku mwenyewe akirudi nyuma. Aliyejitokeza tulimwangalia kwa jicho la pembeni. Hata posa hupeleki mwenyewe, unamtuma mshenga.

Basi nikawa napiga hodi nyumba hadi nyumba. Nakaribishwa vizuri. Naulizwa habari za watoto, nami nauliza habari za mgongo. Chai inakuja, ndizi zinakuja. Mimi nangoja mwenyeji aniulize nimekuja na lipi. Mwenyeji naye, kwa adabu yake, haulizi, maana kumwuliza mgeni shida yake kabla hajaisema ni kama kumfukuza. Tunakaa hivyo, adabu kwa adabu, mpaka naaga na kuondoka na shibe yangu, karatasi za sahihi zikiwa mkobani zilivyokuwa. Nilinenepa, mwanangu. Umesikia wapi mgombea akinenepa kwenye kampeni?

Sasa huyu Mama Mapendo alikuwa mjane wa Bukavu, mkubwa kuliko mama yangu, aliyeuza samaki sokoni hadi vita vilipomtoa. Hapa alikuwa amekwisha kula kiapo cha uraia wa Marekani na kujiandikisha katika chama. Siku ile nilipoanza kuaga, hakuinuka kunisindikiza. Aliweka kikombe chini.

"Bon," alisema. "Mama Divine, mara tatu unakuya hapa, unakunywa chai, unaenda. Ile mufuko yako hauiachake. Iko nini ndani?"

Nikasema ni karatasi tu, nilikuwa na jambo dogo, sikutaka kumsumbua.

"Kunisumbua?" Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Toka nifike hii inchi, watu wananipatiaka tu. Blanketi, wananipatia. Unga, wananipatia. Hata hii viatu, walinipatia. Hakuna mutu ananiombaka kitu, donc ni kama miye sina kitu. Leo weye uko na kitu ya kuniomba, na unanificha. Unanizarau?"

Maneno yale yalinichoma. Nilidhani namheshimu, kumbe nilikuwa nimemweka kwenye kundi la wasio na cha kutoa, nami mwenyewe nilikulia katika kundi hilo na kulichukia. Machozi yalinitoka, sikufichi. Bibi yangu alizoea kusema mficha uchi hazai, na siku zote nilifikiri ni maneno ya wagonjwa na waganga.

Nikaanza kumweleza. Lakini ulimi uliozoea kuzunguka hauachi mara moja. Nikaanzia mbali, kwenye historia ya chama, nikapitia kwenye theluji. Mama Mapendo akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kifua. Kilikuwa kile cha mtu anayekwambia fika.

"Naomba sahihi yako, mama," nikasema. "Na siku ya kura, naomba kura yako."

"Ndiyo sasa," akasema.

Alisaini taratibu, herufi kwa herufi, ncha ya ulimi nje. Kisha akavaa koti, akajifunga kitambaa, akaniambia twende. Nilifurahi, nikidhani nimepata mshenga. Wapi! Kila nyumba tuliyoingia alijikalia kimya kwenye kochi kama hanijui. Nikisema haja yangu, anatikisa kichwa kukubali. Nikipotelea kwenye habari za theluji, anakohoa. Juma halijaisha nikawa nasema kabla maji ya chai hayajachemka.

Na watu je? Wale wale niliokula ndizi zao walinishangaa. "Kumbe ni hilo tu? Mbona hukusema?" Mzee mmoja Mrundi mwenzangu aliniambia nisubiri, akaingia chumbani, akarudi amevaa koti la suti, ndipo akasaini. Alisema ni mara yake ya kwanza kuombwa jambo na mtu anayetaka uongozi. Nikavuka hata kwa majirani wenyeji, weusi kwa weupe, nikakuta wengi wao nao walikuwa hawajawahi kugongewa mlango. Aibu yangu ilibaki njiani, sijui ni wapi, sikurudi kuitafuta.

Sahihi zilitosha zikazidi. Kiangazi kilipoanza tukapiga kura, na yule aliyekalia kiti miaka yote nikamshinda, tena si kwa tundu la sindano. Kanisani walipiga vigelegele mpaka mchungaji akakaa chini kungoja. Mama Mapendo alicheza hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Baba yako akapiga simu kutoka Louisville akasema, "Si nilikwambia?"

Lakini ushindi wenyewe ninaouhesabu ulikuja baadaye. Kamati ilikuwa karibu kukaa, na bwana mmoja aliyetafuta cheo kikubwa cha jimbo akanipigia akitaka nimuunge mkono. Nikamwambia uungaji mkono wangu hautoki kwangu, unatoka sebuleni kwa mama mmoja. Akaja. Mtu mrefu, kochi fupi, magoti yakamfikia kifuani. Akasifu chai. Akasifu picha za wajukuu ukutani. Akasema anapenda sana utamaduni wetu, kisha akaingia kwenye theluji. Mimi natafsiri.

Mama Mapendo akakohoa.

Bwana yule akaniuliza kwa upole kama mama anaumwa. Nikamwambia mama ni mzima, anangoja kuombwa. Akawa mwekundu masikioni. Akaweka kikombe chini, akamgeukia, akasema, "Mama, naomba kura yako." Nilitafsiri, ingawa nadhani alikwisha kuelewa.

"Bon," akasema Mama Mapendo, akajiweka sawa kwenye kiti. "Sasa tunaweza kuongea." Wakaongea mpaka chai ikapikwa tena, mama akianza na basi lisilofika kwa saa yake, na safari hii aliyekuwa akiitikia kwa kichwa ni yule bwana.

Yuko hai mpaka leo, macho yamefifia, kikohozi kiko palepale.

Kwa hiyo, mwanangu, ondoka hapo kwenye picha. Gonga milango iliyo karibu na chuo, gonga na ile ya mbali wasikokujua. Kunywa chai ukipewa, lakini sema haja yako chai ingali moto. Usifikiri kuomba kunakushusha. Uliyemwomba umemwambia kwamba anacho, na wako wengi katika nchi hii ambao hawajaambiwa hivyo hata siku moja. Ukipata kiti, usikae mpaka umewakumbuka.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie milango ya Columbus, akupe ulimi usiozunguka na masikio yasiyochoka. Na pale utakapokawia, akupe mtu wa kukukoholea.